Mto Nile unatoka kwetu, mbona piramidi ziko Misri?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Kijana wangu yuko kidato cha kwanza. Juzi karudi na daftari la historia akaniuliza: 'Mama, kama Nile inatoka kwenye ziwa letu, samaki tunao na maji matamu tunayo, kwa nini ustaarabu ulianza Misri na Mesopotamia, sisi tukawa hatuna kitu?' Nikamwambia ngoja nitauliza wanaojua. Nimjibu nini?" (Mama wa dagaa, Kirumba)

Marahaba, mama, na kijana mpe salamu zangu. Swali lake watu wazima wenye shahada hulikwepa. Wasiolikwepa wengi hulijibu kwa hasira: huyu anasema hatukuwa na kitu, yule anasema kila kitu kilianzia kwetu ila Wazungu wakaficha. Yote mawili ni kumdanganya mtoto. Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo lisome jioni ukishafunga mizigo.

Tuanze na mto. Ni kweli Nile Nyeupe hutokea ziwani pale Jinja, upande wa Uganda, na Speke, mpelelezi Mwingereza, alipoliona ziwa hili karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 alirudi kwao akitangaza kwamba chanzo kimepatikana. Ila maji yaliyoifanya Misri ikawa Misri hayakuwa ya kwetu. Yale mafuriko ya kila mwaka, yaliyoacha tope jeusi mashambani, yalishuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, mvua za huko zinapopamba moto kuanzia Juni. Maji yetu hutembea taratibu, na yakifika Sudani Kusini kama nusu yake hupotelea kwenye kinamasi cha Sudd, yakinyonywa na jua. Kazi yetu ilikuwa kuuzuia mto usikatike wakati Ethiopia ni kiangazi. Si kazi ndogo, lakini haimwagi tope shambani kwa mtu. Na kinamasi hicho hicho kilifunga njia. Kaisari Nero wa Roma alituma askari waupande mto hadi chanzo chake, karne ya 1 BK. Walikwama kwenye magugu wakageuza.

Ziwa nalo lina tabia yake. Maji yake mengi huingia kwa mvua inayolinyeshea lenyewe na huondoka kwa jua. Halipandi na kushuka kwa ratiba ya mkulima. Wewe uliyekuwepo mwaka 2020 maji yalipoingia mialoni unajua kwamba likipanda ni balaa tupu. Mmisri alikuwa anayangoja mafuriko kama mtumishi anavyongoja mwisho wa mwezi. Wafalme wake walikuwa wakiandikisha kimo cha maji mwaka hadi mwaka, na vipimo hivyo vimo kwenye jiwe moja la kuchongwa ambalo sasa liko Palermo, Italia. Kimo cha maji kilitabiri mavuno, na mavuno ndiyo yaliyokuwa kodi.

Jambo la pili ni saa. Kijana asidhani watu wote duniani walikuwa kwenye mstari mmoja, filimbi ikapigwa, sisi tukachelewa kukimbia. Hata ziwa lenyewe lina umri ambao haungemwingia akilini: kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka. Hapo unapoanika dagaa palikuwa nyika ya majani. Maji yakarudi baadaye, na wale samaki wote waitwao furu, wa mamia ya aina, unaowasikia wakisemwa walistawi humo baada ya maji kurudi.

Mwaka 3200 KK au karibu na hapo, Misri ilipokuwa inaelekea kuunganishwa chini ya mfalme mmoja, kando ya ziwa hili walikuwepo wavuvi na wawindaji ambao sisi wa akiolojia, wachimbaji wa mabaki ya kale, tunawatambua kwa vyungu vyao. Vyungu hivyo huitwa Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja cha mto Kagera. Upande wa Kenya wameacha marundo makubwa ya makombe, yaani maganda ya konokono na kome, mabaki ya kitoweo cha vizazi na vizazi. Ona ajabu yake: walifinyanga na kuremba vyungu, walikaa sehemu moja muda mrefu, na hawakuwa wanalima. Hawakuwa na haja. Kulima ni adhabu, mama, na mtu ambaye kitoweo kinaogelea mlangoni kwake hashiki adhabu hiyo kwa hiari.

Mashariki ya Kati kilimo kilianza mapema sana, kama mwaka 9500 KK, kwa sababu ngano na shayiri za porini zilikuwa zinaota huko zenyewe. Hata hivyo miji haikuja kesho yake. Ilichukua miaka kama 6,000. Kwetu, wakulima wenye chuma na vyungu vya Urewe walienea kando ya ziwa kuanzia kama mwaka 500 KK, na falme kubwa zilisimama miaka kama 2,000 baadaye. Sisemi hili ili kijana akajigambe darasani kwamba tulikuwa wepesi. Wakulima wetu walifika na mtama ambao mababu wa Sudani walikuwa wameshauhangaikia zamani. Nasema tu kwamba saa zilianza kuhesabiwa kwa nyakati tofauti.

Sasa nikupeleke Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, nchi ile ile ya Mesopotamia ya kwenye daftari la kijana, maana nadhani wewe utaielewa Uruk kuliko maprofesa wengi.

Kuelekea mwaka 3000 KK mji huo ulikuwa na watu makumi ya maelfu, jambo ambalo dunia ilikuwa haijaliona. Ukichimba pale, kitu unachokutana nacho mpaka uchoke si dhahabu. Ni bakuli. Bakuli la udongo, zito, baya, mdomo umekatwa mshazari, limetengenezwa haraka haraka kwa kugandamizwa kwenye umbo moja. Yameokotwa kwa maelfu na maelfu, mengine yakiwa mazima, kana kwamba mtu alikuwa anakula na kutupa. Mwanamke yeyote wa Ukerewe anayefinyanga angeona aibu kuliuza. Lakini yana kitu kimoja: ukubwa wake unakaribiana. Wengi wetu tunaamini yalikuwa ya kupimia posho ya vibarua, bakuli moja la shayiri au mkate kwa kazi ya siku. Na walipoanza kuandika, alama yao ya chakula waliichora kama bakuli hilo. Walipotaka kuandika "kula", walichora kichwa cha mtu na bakuli pembeni.

Mwezi uliopita nilikuja hapo kwenu Mwaloni kununua dagaa. Nikasimama namwangalia mama mmoja akipima. Sado yake ilikuwa kopo la rangi la zamani, mdomo umepinda. Akachota, akatikisa mara mbili dagaa washuke, akajaza mpaka kilima, halafu kwa mteja aliyemzoea akaongeza kiganja. Pembeni alikuwa na daftari la kaunta lililovimba kwa unyevu, na humo majina hayakuandikwa hata kwa ukamilifu: "Baba Neema Igoma", kisha vijiti vinne vimesimama na cha tano kimevikata. Kila kijiti gunia. Nilitaka kumwomba niupige picha ukurasa ule nikaona nitamtia wasiwasi, atadhani mimi wa mapato.

Maandishi ya kwanza kabisa ya binadamu tuliyoyapata, mama, ni ukurasa ule. Si mashairi, si sala. Ni vibao vya udongo mbichi vilivyochapwa kwa kijiti cha tete: shayiri kiasi hiki, kondoo wangapi, pombe mitungi mingapi, kapewa nani. Kuna kibao kinachotaja shayiri ya miezi 37, na jina lililoandikwa pale husomwa Kushim. Hatuna hakika kama ni jina la mtu au la cheo. Likiwa la mtu, basi ni miongoni mwa majina ya kwanza kuandikwa duniani, na mwenyewe alikuwa karani wa ghala.

Hapo ndipo ulipo ufunguo, au nusu yake. Msomi mmoja wa Marekani, James C. Scott, aliusema vizuri: serikali za kwanza zote zilikaa juu ya nafaka. Ngano na shayiri huiva kwa pamoja, huonekana shambani, hupimika kwa kikombe, hukaa ghalani mwaka mzima. Mtoza kodi akija wakati wa mavuno hakuna pa kuzificha. Muhogo unaweza kuuacha ardhini ukachimba unachotaka siku unayotaka, akija mtu wa serikali anaona majani tu. (Muhogo na mahindi vililetwa kutoka Amerika baada ya 1500, kwa hiyo kijana asiwape watu wa kale ugali wa dona. Nimeona michoro ya vitabu ikifanya hivyo.)

Nusu nyingine ya ufunguo ni mlango wa kutokea. Mwaka 1970 Robert Carneiro, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliuliza swali la kijinga kijinga: mtu akikutoza kodi usiyoitaka, kwa nini usihame? Mmisri angehamia wapi? Kushoto jangwa, kulia jangwa, katikati ukanda wa kijani ambao sehemu nyingine unautembea kwa miguu ukauvuka kwa saa chache. Kusini mwa Iraki ni hivyo hivyo: nje ya mfereji hakuna shamba. Wakubwa wakakaa, wadogo wakabaki kwa sababu kuondoka ni kufa. Mahekalu yakajengwa na watu waliokosa pa kwenda.

Sasa tazama Usukuma. Mtu wa mtama na ng'ombe, mbele yake pori hadi Shinyanga na kuendelea. Ntemi, yaani mtawala, akizidisha ukali, mzee anakusanya wanawe na mifugo, mwezi mchanga ukichomoza ameshafika kwa ntemi mwingine ambaye anampokea kwa furaha, maana utajiri wa ntemi ulikuwa watu. Ndiyo maana tulikuwa na watemi wengi wadogo wadogo, na ndiyo maana ntemi aliyeshindwa kuleta mvua aliweza kuondolewa. Hilo nalo ni ustaarabu, kama tutakubaliana kuhusu neno. Neno lenyewe "ustaarabu" asili yake ni kufanana na Mwarabu, na la Wazungu limetoka kwenye mji. Kila mmoja alijiangalia kwenye kioo akaita alichokiona kipimo.

Lakini nisikuuzie nadharia kama dawa ya Mwaloni inayotibu kila kitu. Kuna watu walijenga piramidi kwa dagaa.

Nenda Peru, pwani ya Amerika ya Kusini, bonde la mto Supe. Kuna mji unaitwa Caral, uliokuwa ukijengwa mnamo 2600 KK, wakati mmoja na piramidi za Giza au mapema kidogo. Una majukwaa makubwa ya mawe na viwanja vya duara vilivyozama ardhini, na hawakuwa na chungu hata kimoja. Mwakiolojia Ruth Shady wa Peru ndiye aliyeufanya ujulikane. Walijaza mawe kwenye vikapu vya nyasi vilivyosukwa, wakaviweka kikapu na mawe yake ndani ya ukuta. Nyasi hizo ndizo zilizotuwezesha kupima umri. Wameacha filimbi 32 za mifupa ya ndege.

Walikula nini? Mifupa iliyojaa pale ni ya samaki wadogo wa baharini, ndugu wa dagaa kwa umbo na kwa matumizi, ingawa Caral iko zaidi ya kilomita 20 kutoka baharini. Na bondeni walilima pamba. Pamba ilishuka pwani ikawa nyavu na kamba, samaki wakavu wakapanda bondeni wakawa chakula. Dagaa na pamba, mama! Mkoa wetu wote umesomeshwa kwa vitu hivyo viwili. Niliposoma habari hii mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti nikazunguka chumba. Wapo wanaobisha kwamba mahindi yalikuwa na nafasi kubwa kuliko wanavyodai watu wa samaki, na ubishi huo una mashiko, lakini samaki hawaondoki kwenye picha.

Kwa hiyo dagaa wanaweza. Kwa nini wa kwetu hawakuweza? Swali hili unaweza kulijibu mwenyewe. Pwani ya Peru ni jangwa, haijui mvua. Dagaa wakianikwa leo, kesho ni wakavu, na mwaka kesho bado wanalika. Wewe ukianika msimu wa masika, wingu likitanda juu ya kisiwa cha Saanane, unajua mtaji unaelekea wapi. Halafu huku kuwavua kwa wingi kwa taa, usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka boti zinalala, ni uvuvi wa karne ya 20. Babu wa babu yako hakuwa na karabai wala nyavu za matundu hayo. Na bonde la Supe limebanwa na jangwa pande mbili, yale yale ya Misri.

Kama tungepimwa kwa moto badala ya mji, hadithi ingebadilika. Upande wa magharibi wa ziwa, Kagera, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mahali panapojulikana zaidi ni Katuruka, karibu na Bukoba, ambapo mwakiolojia Peter Schmidt wa Marekani alichimba akifuata masimulizi ya wazee wa Kihaya. Miaka ya 1970 wazee waliokuwa wamewahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya mbele ya watafiti: shimo limetandikwa majani yaliyounguzwa, mabomba ya udongo yameingizwa ndani kabisa ya moto, mivukuto inapigwa kwa zamu na nyimbo zake. Schmidt na wenzake wanasema hewa ikipita kwenye bomba lililokwisha kupata moto inafika motoni ikiwa ya moto tayari, ingawa wapo wanaobisha. Kilichotoka ndani kilikuwa na chuma cha pua, yaani chuma kigumu kuliko cha kawaida.

Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, mara ya kwanza kupelekwa kuchimba, niliokota kipande cha bomba la namna hiyo, kimepakwa kitu cheusi kinachong'aa kama lami, nikakitupa kwenye rundo la takataka nikidhani ni chungu kilichoungulia ugali. Mzee aliyekuwa anatubebea maji akaenda kukiokota, akakifuta kwa shati lake, akakirudisha mezani bila kuniambia neno.

Na falme? Zilikuja. Bigo bya Mugenyi, Uganda, kuna mahandaki yaliyochimbwa kwa zaidi ya kilomita 10, mengine kupasua mwamba. Kenya, upande wa Migori, Thimlich Ohinga ina kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikia, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Kisha Bunyoro, Buganda, Karagwe. Buganda inamsumbua sana Scott, rafiki yetu wa nafaka, kwa sababu Waganda waliishi kwa ndizi, na ndizi haikai ghalani hata wiki mbili. Nimeifikiria miaka mingi, na jibu langu ni hili: mgomba hauondoki. Ukiutunza kibanja chako kinakulisha wewe, mwanao na mjukuu. Mtu wa mtama akiacha shamba ameacha msimu mmoja, mtu wa ndizi akiacha kibanja ameacha kazi ya babu yake. Kwa hiyo alibaki, akatoa kazi na nguo za magome, na mfalme akapata barabara. Jangwa halikuwepo, migomba ikafanya kazi ya jangwa.

Kuna sehemu moja tu inayoninyima usingizi, na iko mkoani kwetu. Ukara. Kisiwa kidogo kaskazini mwa Ukerewe, watu wamejaa, maji pande zote, huwezi kuhama ukaenda mbali. Wakara walijibu kubanwa huko kwa kilimo ambacho wataalamu wa nje walikuja kukishangaa tangu enzi za ukoloni: matuta ya mawe milimani, mbolea ya kijani inayopandwa ili ifukiwe, uwele na njugu mawe kwa mzunguko, ng'ombe wanakatiwa majani na kulishwa ndani ya shimo nyumbani ili samadi isipotee hata konzi moja, na miti ina wenyewe mmoja mmoja. Kazi ya Misri kabisa. Farao hakuna, karani wa ghala hakuna.

Labda kisiwa ni kidogo mno, kumlisha mfalme kungewaua wote. Labda Wakara walijua jambo. Shule zikifungwa mpeleke kijana, mvuke na kivuko cha Bugolora hadi Bwisya, na aombe kuonyeshwa lile shimo la ng'ombe. Aulize nani hulichimba, nani hutoa samadi, na nani huamua inaenda shamba lipi kwanza. Majibu ayaandike, aniletee.